Tugawane au tuiache ya familia? Shida ni msimamizi asiyemaliza kazi

Huku Mafinga, mkoani Iringa, ukikaa kwenye kikao cha familia matanga yakishaisha utasikia hoja mbili tu kuhusu mali ya marehemu, mengine yote ni kuzunguka. Kuna anayesema tugawane kila mtu ashike chake, na kuna anayesema mzee katoka jasho miaka yote hii, tukitawanya leo atatulaani, tuiache iwe ya familia. Na ukiwasikiliza wote wawili unaona wana pointi kabisa.

Nianze na hawa wa tusigawane maana mi mwenyewe nilikuwa upande wao. Baba alituacha watoto sita, mama yupo, ekari kumi za paina zilizokuwa na miaka saba na nyumba Mbeya, Mwanjelwa, yenye fremu nne za biashara. Sasa paina inataka miaka 15 na kuendelea ndo mbao iwe mbao. Ukiikata leo vipande sita, kila mtu anatoka na ekari moja na kitu, halafu mmoja ana ada ya mtoto inamnyima usingizi, kesho kutwa kamleta dalali anauza miti michanga kwa bei ya kutupa, mnunuzi anaingia na chenso na lori lake anapita kwenye kipande cha nani? Na moto je. Kiangazi huku kikikolea moto haujui mpaka wa kaka wala dada, zile njia za kuzuia moto zinafyekwa kuzunguka shamba zima, sasa kama kipande cha katikati ni cha ndugu aliyeko Dar ambaye hajaonekana miaka mitatu, nyasi zake ndo zitaunguza paina zenu wote. Kwenye fremu nako hivyo hivyo, nne kwa watu sita utagawaje, mtapiga ukuta wapi?

Kwa hiyo kiuchumi kutogawa kuna akili sana. Shida inaanza pale neno tusigawane linapotumika bila karatasi yoyote.

Kinachotokea ni hiki: ukoo unakaa, muhtasari unaandikwa, kaka mkubwa anapendekezwa, mnaenda mahakama ya mwanzo anateuliwa kuwa msimamizi wa mirathi, watu wanapiga makofi wanarudi makwao wakijua kazi imeisha wakati ndo kwanza imeanza. Kisheria msimamizi ni kama mtu uliyemtuma dukani: akusanye mali, alipe madeni ya marehemu, awape warithi haki zao, arudishe hesabu mahakamani, basi. Kwenye kanuni za mirathi za mahakama ya mwanzo za mwaka 1971 orodha ya mali na madeni, ile fomu namba 5, inatakiwa ndani ya miezi minne tangu ateuliwe labda mahakama imuongezee muda, halafu ndo inakuja fomu namba 6 ya hesabu. Ukifungulia mahakama za juu ni miezi sita kwa orodha na mwaka mmoja kwa hesabu. Sasa niambie wewe unayesoma, msimamizi wa kwenu ni mwaka wa ngapi huu anakusanya kodi za fremu?

Na wengi wao sio wezi jamani, tusiwaonee. Anapaka rangi nyumba kwa hela yake, anampeleka mama hospitali, anagombana na wapangaji, miaka inapita mpaka anaanza kuona nyumba ni yake kwa sababu yeye ndo anaumia nayo. Ila jina lake kwenye hati linaingia kama msimamizi, sio kama mrithi, na akifa yeye usimamizi hauendi kwa watoto wake, mnaanza upya na mnakuwa na marehemu wawili.

Kingine hakisemwi sana. Tusigawane mara nyingi inawaumiza mabinti. Lile tamko la sheria za mila la mwaka 1963 liliweka warithi kwa madaraja, mtoto wa kiume mkubwa juu, mabinti daraja la tatu, mjane mwenye watoto hana fungu, anatunzwa na watoto wake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeshasema mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu, lakini vikaoni ule mpangilio bado unaishi vichwani mwa baba wadogo. Dada akidai chake anaambiwa shamba ni la wote, tulia. La wote, sawa, ila paina zikivunwa hela inaingia simu ya nani? Upande huu hao wa tugawane wananishinda hoja, bora ekari moja yenye jina lako kuliko kumi za wote.

Sasa hivi watu wameanza kusema tufungue trasti, yaani mali ishikwe na wadhamini kwa niaba ya wenye haki, na mtu akishatamka trasti kikaoni anaonekana msomi. Ni kweli njia zipo. Bodi ya wadhamini inasajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, na sheria inataja mpaka watu waliounganishwa na undugu. Kampuni inasajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kila mtu na hisa zake, ila kampuni ina ritani, yaani taarifa za kuwasilisha kila mwaka, na kodi ya asilimia 30 ya faida, kwa fremu nne mi naona ni kumfuga tembo ili akamate panya. Kwa shamba la kijijini kuna hatimiliki ya kimila ambayo inaweza kutolewa kwa familia. Pia kuna umiliki wa hisa kwenye hati moja, mnaandikwa wote na fungu la kila mmoja linajulikana. Trasti inafaa hasa kukiwa na watoto chini ya miaka 18, maana hao fungu lao lazima mtu alishike.

Ila hakuna hata moja kati ya hizo inayoanza kabla mirathi haijafungwa. Huwezi kuweka kwenye bodi mali ambayo bado ni ya marehemu. Msimamo wangu ndo huu: gawaneni haki kwanza, ardhi muiache ilivyo. Kila mtu, kuanzia mama, ajue fungu lake kwa maandishi mbele ya mahakama, faili lifungwe, halafu wanaotaka kubaki pamoja waunganishe mafungu yao kwa hiari na asiyetaka anunuliwe na ndugu kabla hajamfikiria dalali.

Wakati tunafunga faili dada yetu wa pili alikuja na kipimo chake, mi nilikiona cha kitoto. Akasema kabla ya kuongelea bodi kila mtu atume elfu ishirini ya kufyeka njia za moto, mwisho Juni. Walituma wanne. Wawili waliobaki tuliwanunua mafungu yao mwaka uliofuata, tukalipa kwa awamu kwa kodi za fremu, na mmoja wao mpaka leo ndo analalamika kwamba tulimuwahi.