Namba Moja kwa Kipimo Kipi?

Mwezi Desemba 2022, siku chache baada ya Argentina kuishinda Ufaransa kwa mikwaju ya penalti na kulinyanyua Kombe la Dunia, FIFA ilitoa orodha yake ya viwango vya ubora, na nafasi ya kwanza ikabaki mikononi mwa Brazil, timu ambayo Croatia ilikuwa imeirudisha nyumbani katika robo fainali. Wapo mashabiki waliocheka, na wapo waliodai kwamba FIFA inapendelea majina makubwa. Kwa maoni yangu, hesabu ilikuwa sahihi kabisa, ila ilikuwa ikijibu swali ambalo mashabiki hawakuwa wameliuliza.

Tangu Agosti 2018 orodha hiyo hupangwa kwa utaratibu unaofuata kanuni ya Arpad Elo, profesa wa fizikia aliyebuni njia ya kupima uwezo wa wachezaji wa sataranji. Kabla ya mechi, tofauti ya pointi kati ya timu mbili hutoa matarajio ya matokeo. Timu inayofanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa huongezewa pointi, na inayofanya vibaya hupunguziwa. Kila mechi ina uzito wake, kuanzia 5 kwa mechi ya kirafiki inayochezwa nje ya kalenda ya kimataifa hadi 60 kwa mechi za Kombe la Dunia kuanzia robo fainali. Ushindi wa penalti huhesabiwa kuwa robo tatu ya ushindi, huku aliyeshindwa akipewa nusu, kana kwamba ametoka sare. Ndiyo maana Argentina haikuvuna pointi za kutosha: iliitoa Uholanzi kwa penalti, ikaishinda Ufaransa kwa penalti, na mwanzoni kabisa ilikuwa imefungwa 2-1 na Saudi Arabia. Brazil nayo, kwa kutolewa katika hatua ya mtoano, haikupoteza pointi hata moja katika mechi ile ya Croatia, kwa kuwa kanuni hazimpunguzii pointi anayeshindwa katika hatua hiyo ya fainali kubwa. Argentina ilisubiri hadi Aprili 2023 ndipo ikapanda kileleni.

Utaratibu wa zamani ulikuwa mbaya zaidi. Ulitegemea wastani wa pointi, na kwa kuwa mechi za kirafiki zilikuwa na thamani ndogo, timu iliyocheza mechi hizo nyingi ilijishusha yenyewe. Brazil, ambayo kwa kuwa mwenyeji wa fainali za 2014 haikuwa na mechi za kufuzu, iliporomoka hadi nafasi ya 22 mwezi Juni 2013, kisha mwezi huohuo ikaanza safari ya kutwaa Kombe la Mabara, mashindano ya FIFA ya mabingwa wa mabara, kwa kuifunga Hispania, bingwa wa dunia, mabao 3-0. Poland ilifanya kinyume chake: ilizikwepa mechi za kirafiki, ikaingia chungu cha kwanza, yaani fungu la timu zenye viwango vya juu zaidi, katika droo ya fainali za 2018 huku Hispania ikiwa chungu cha pili, halafu ikafungwa na Senegal na Colombia na kumaliza mkiani mwa kundi lake. Mabadiliko ya 2018 yaliziba mwanya huo, na FIFA inastahili pongezi kwa hilo.

Lakini kuna tatizo ambalo hakuna kanuni inayoweza kuliondoa, nalo ni kwamba timu za mabara tofauti hazikutani vya kutosha. Kwa kawaida pointi za mfumo huu hutoka kwa timu moja kwenda kwa nyingine, hivyo timu za bara moja zikicheza zenyewe kwa zenyewe kwa miaka mitatu, pointi zilezile zinazunguka humohumo. Orodha itatwambia vizuri nani ni mbabe wa Afrika au wa Asia, lakini haitakuwa na ushahidi mwingi wa kutwambia mbabe huyo angefanya nini mbele ya timu ya kumi ya Ulaya.

Mfano wa Brazil unalieleza jambo hili vizuri kuliko mwingine wowote. Kati ya fainali za 2018 na zile za 2022, timu pekee ya Ulaya iliyocheza nayo ilikuwa Jamhuri ya Czech, mwezi Machi 2019. Mechi nyingine zote ilicheza na majirani zake wa Amerika Kusini na timu za Asia, Afrika na Amerika ya Kaskazini na Kati. Ilikwenda Qatar ikiwa namba moja duniani, na haikuwa namba moja ya uongo, kwa maana ilikuwa imeshinda mechi zake. Hata hivyo, tangu itwae kombe mwaka 2002, imetolewa na Ufaransa mwaka 2006, Uholanzi 2010, Ujerumani 2014, Ubelgiji 2018 na Croatia 2022. Zote ni timu za Ulaya. Timu inayofanya mtihani wake mgumu mara moja kila baada ya miaka minne haiwezi kujua imejiandaa kiasi gani, na sisi watazamaji hatuwezi kujua pia.

Sababu kubwa ni Ligi ya Mataifa ya Ulaya, iliyoanza mwaka 2018 na kuzijaza tarehe ambazo zamani zilitumika kwa mechi za kirafiki. Kwa Ulaya yenyewe ni mashindano mazuri, nami siyabezi, ila yamejenga ukuta kati ya timu za Ulaya na za mabara mengine. Kombe la Mabara nalo halijachezwa tena tangu 2017.

Walioumizwa zaidi na ukuta huu ni timu za Afrika, ambazo sifa zao hupanda na kushuka kwa mechi tatu tu. Mwaka 2018 timu zote tano za Afrika ziliishia hatua ya makundi, na wachambuzi wengi wakasema soka la bara hili limerudi nyuma. Miaka minne baadaye kila moja ya timu tano zilizokwenda Qatar ilishinda angalau mechi moja; Tunisia iliifunga Ufaransa, Cameroon ikaifunga Brazil (nakubali, zote mbili zilikuwa zimepumzisha wachezaji wengi), na Morocco, iliyoingia ikiwa nafasi ya 22, ikazishinda Ubelgiji, Hispania na Ureno hadi kufika nusu fainali. Sidhani kama Afrika ilikuwa mbovu kiasi kile mwaka 2018, wala kama iligeuka ghafla ndani ya miaka minne. Ushahidi ulikuwa mchache mara zote mbili.

Wapo wanaolikwepa suala lote kwa kuhesabu makombe. Ni kweli kwamba hadi fainali za 2022 makombe yote 22 yalikuwa yamekwenda kwa nchi nane tu, Ulaya ikiwa na 12 na Amerika Kusini 10. Hata hivyo, Italia yenye makombe manne haikufuzu fainali za 2018 wala za 2022, ilhali Croatia, nchi yenye watu wasiofika milioni nne na isiyo na kombe hata moja, imemaliza ya tatu mwaka 1998, ya pili 2018 na ya tatu tena 2022. Kama tunapima uwezo wa sasa, naichagua Croatia bila kusita.

Kwa hiyo ninapozilinganisha timu za taifa, natazama kwanza matokeo yake dhidi ya timu za mabara mengine. Mpango wa FIFA Series, ulioanza Machi 2024 kwa kuzikutanisha timu za mabara tofauti katika mechi za kirafiki, umeelekea kuzihudumia zaidi timu ndogo, na ningependa timu kubwa nazo zilazimishwe kushiriki jambo la namna hiyo angalau mara moja kwa mwaka. Ningependa pia orodha ya viwango ichapishwe ikiwa na safu moja ya ziada, inayoonyesha ni mechi ngapi kati ya zilizoipa timu pointi zake zilichezwa dhidi ya wapinzani wa nje ya bara lake.