Nani anampikia asiye na ndugu?

Kila nikirudi Tanga kuna swali silikosi: eti ni kweli Wazungu nao wanalala barabarani? Nikijibu ni kweli, watu wanaguna. "Kwani hawana ndugu?" Mazungumzo yanaishia hapo, kila mmoja ameridhika kwamba sisi tuna utu na wenzetu waliukosa. Mimi siafiki, na sababu zangu nimezipata jikoni.

Jumamosi ambazo sina zamu kazini huwa najitolea kupika katika kituo cha watu wasio na makazi hapa Coventry, Uingereza. Kinafungua asubuhi, watu wanaoga, wanafua, wanakula, wanasaidiwa kujaza fomu, na jioni kinafunga. Jikoni hakuna kubahatisha. Ubao mwekundu ni wa nyama mbichi, wa kijani ni wa saladi, wa kahawia ni wa mbogamboga. Chakula kinachosubiri kupakuliwa hakitakiwi kushuka chini ya nyuzi joto 63, na kila ukipima unaandika daftarini saa, nyuzi na jina lako. Ukutani kuna orodha ya vyakula 14 vinavyowadhuru wenye mzio, na mtu akiuliza kama supu ina maziwa au ufuta, unamjibu kwa uhakika. Mlalahoi anahudumiwa kwa sheria ileile inayomlinda mteja wa hoteli kubwa. Hilo nililiheshimu tangu siku ya kwanza.

Chakula chenyewe kingi ni ziada ya viwanda na maduka makubwa. Kuna shirika linaitwa FareShare, lilianza mwaka 1994 likiwa mradi wa shirika la Crisis, kazi yake ni kukusanya chakula kizima ambacho kingetupwa na kukigawa kwa vituo kama chetu. Kwa hiyo mpishi mkuu hajui atapika nini mpaka afungue maboksi. Siku moja yalikuja makopo ya tui la nazi, akaniachia jiko. Nikaunga maharage kwa nazi, nikapika na wali. Sufuria lilirudi jeupe.

Watu wengi waliolala nje muda mrefu meno yao yameharibika. Ndiyo maana nyama tunaichemsha mpaka ilainike kabisa, viazi tunaviponda, na matofaa tunayapika, maana mabichi yanabaki kwenye sinia. Chai wanaitaka moto na sukari vijiko vinne, vitano. Mtu aliyekesha kwenye baridi ya Januari usimhubirie habari za sukari.

Nyumbani wanadhani wote hawa ni walevi. Walevi wapo. Yupo pia kijana aliyelelewa na serikali, alipofika miaka 18 malezi yakaisha. Yupo baba aliyeachana na mkewe, akalala kwa rafiki mpaka rafiki akachoka. Na asubuhi moja nilisikia nyuma ya kaunta, "Mama, uko wa Tanzania?" Alikuwa Mkongo wa Bukavu, amenisikia nikiongea na simu. Alikuwa amekubaliwa ukimbizi, jambo la kusherehekea, lakini kwa miaka mingi kanuni imekuwa kwamba ukishapewa hifadhi una siku 28 za kuondoka kwenye nyumba ya wanaosubiri majibu. Siku 28 za kutafuta kazi, benki na pango katika nchi ambayo huna mdhamini! Karatasi alipata, kitanda akapoteza.

Kwa hiyo siisafishi Uingereza. Hesabu ya serikali ya usiku mmoja wa vuli 2024 ilikadiria watu 4,667 wamelala nje katika England peke yake, na kaya zaidi ya laki moja ziko kwenye makazi ya muda. Nchi tajiri namna hii haina udhuru. Na ndiyo iliyotunga mwaka 1824 sheria ya kumkamata anayelala nje na anayeombaomba, kisha fikra hiyo ikasafiri na ukoloni mpaka kwetu. Ilichukua mpaka Desemba 2020 ndipo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapohapo Arusha, ikatoa maoni kwamba sheria za uzururaji zinakiuka Mkataba wa Afrika. Ni watu wangapi kwetu wamesikia habari hiyo? Mgambo wanaowafukuza ombaomba mjini bado tunawaona wanafanya usafi.

Tunavyojisifia undugu tunasema kweli nusu. Msiba ukitokea Ngamiani, kulekule Tanga, kabla ya adhuhuri turubai limefungwa, vijana wanachanja kuni, kina mama wamejifunga vitenge wanachambua mchele, mafiga yamepangwa, na hata mpita njia atapakuliwa. Hakuna nchi nitakayoilinganisha na hilo. Lakini matanga yanaanuliwa. Na mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asiye na nguvu za kushika hilo jembe anaenda wapi?

Mtoto aliyekimbia kipigo cha baba wa kambo ana ndugu. Bibi wa Usukumani aliyehama kijiji kwa kuitwa mchawi ana ndugu, tena ndio waliomtaja. Yule dada mgonjwa wa akili anayelala stendi ana kaka zake, na wanapita pale. Ukiuliza "kwani hawana ndugu?" umeuliza kama vile ndugu hawawezi kuwa ndio chanzo.

Kwa hili Waingereza wametuzidi: wana jiko linalompikia mtu bila kuuliza ni wa nani, halingoji mtu afe wala mwezi uandame. Sisi tumewazidi kwa kukaa. Hapa anayejitolea anasimama nyuma ya kaunta, mlaji yuko upande wa pili. Mimi nimezoea mpishi akimaliza ashuke mkekani. Nilimwomba mratibu nikimaliza zamu nibebe sahani yangu nikale mezani na watu. Akafikiri, akakubali, kwa sharti moja: nisimdodose mtu habari ambazo hakuzitoa mwenyewe. Sharti zuri hilo. Kwetu tungelihitaji sana, maana sisi tukimpa mtu wali tunataka na historia yake.

Ndugu zangu wa ughaibuni, kwenye makundi yetu ya WhatsApp tunachangia harusi, ukumbi na sare zake, na mwili ukitakiwa kurudishwa nyumbani fedha inapatikana ndani ya siku chache. Uwezo tunao. Nimeshaongea na kina mama wawili wa Ngamiani wenye masufuria ya kukodisha, na imamu ametukubalia uwanja ulio nyuma ya msikiti, Mkristo na Mwislamu wote wale. Mboga tutaokota sokoni jioni, zile ambazo kesho yake zinatupwa. Mchele, mafuta na mkaa vinahitaji fedha ya kila wiki, mwaka mzima, siyo Ramadhani peke yake. Mwenye nia aniandikie aniambie atabeba wiki gani.