Kiyoyozi kilichofunga virago

Mwaka wangu wa kwanza kazini nilikuwa mapokezi, hoteli moja ya Nungwi. Saa nane mchana, jua la utosi, mgeni wa Kiingereza akapiga simu kutoka chumbani. "The air con has packed up," akasema. Mimi nikadaka "packed" tu. Nikamtuma mchukuzi na kigari akachukue mizigo, nikaanza na kumtengenezea bili yake. Kumbe maskini haendi popote. Kiyoyozi kimekufa, mtu anatoka jasho, na anayemgongea mlango si fundi, ni kijana anayeuliza mabegi yako wapi.

Na "pack" naijua, "up" naijua. Ndio udhia wa vitenzi hivi vya Kiingereza, wenyewe wanaviita "phrasal verbs": maneno mawili uliyoyazoea, yakikaa pamoja yanajifanya hayakujui.

Niliikumbuka siku ile wiki iliyopita, mtoto wa kaka yangu alipokuja na daftari lake la tuisheni. Kurasa 6, vitenzi vimepangwa kwa alfabeti kuanzia "account for", kila kimoja na maana yake pembeni, na mtihani Jumatatu. Anavisoma kwa moyo, macho kayafumba. "Ami, 'put off' kuahirisha, 'put out' kuzima, 'put up with' kuvumilia, 'put away'..." Hapo akakwama. Nilimwonea huruma. Lakini nasema wazi, orodha ile ni kumpotezea mtoto wakati.

Si kwamba jambo lenyewe ni dogo. Mwingereza Samuel Johnson alipotoa kamusi yake ya Kiingereza mwaka 1755 alikiri katika dibaji kwamba hapa ndipo wageni wanapopata taabu kubwa kabisa. Na kwetu taabu haiishii kwenye somo la Kiingereza. Sera ya elimu ya Zanzibar ya 2006 ilitaka hesabu na sayansi zisomeshwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la 5. Basi fungua kitabu cha sayansi: jaribio liwe "carried out", gesi iwe "given off", jibu liwe "worked out". Mtoto aliyeambiwa "carry" ni kubeba anakaa akijiuliza hilo jaribio libebwe litolewe nje kwa nini.

Kinachoniudhi ni kuwa mtambo wenyewe anao kinywani tangu hajaota meno. Enda, halafu endelea: si ndiyo "go on" hiyo? Mwingereza kaweka kijineno nyuma, sisi tumeunga mkia. Tazama, tazamia: "look", "look forward to". Ukihama unatoka, ukihamia unaingia. Kimbia ni kutoroka, kimbilia kuna unakokwenda kujisitiri. Na mtu akikwambia "nitakupitia saa mbili" humkasirikii kwamba atakupita. Unavaa viatu unamsubiri. Ama ona na onea, hapo hata mjuzi anasalimu amri. Hapo juu nimesema nilimwonea huruma kijana. Ningelisahau neno "huruma" ningekuwa nimekiri dhulma.

Kuna mgeni mmoja aliyajua haya. Edward Steere, askofu wa Kiingereza aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini pale palipokuwa soko la watumwa, alichapisha mwaka 1870 kitabu cha kuwafundisha wenzake Kiswahili cha Unguja. Hakutegemea kuwapa pitia, hamia na kimbilia wazimeze moja moja. Alieleza ule mkia unafanya kazi gani, na mikia mingine vilevile, ya kusababisha na ya kutendana. Ukishaushika mkia, vitenzi vingi unavibahatisha mwenyewe.

Kwa nini sisi tusiwafanyie watoto wetu hivyo hivyo? Chukua "off". Mara nyingi ndani yake mna kuachana, kitu kinatengana na kitu. "Take off" nguo inaachana na mwili. "Drop off" daladala inakuacha Darajani inakwenda zake. "Put off" shughuli inaachana na siku yake. Mtoto akiuona utengano huo, "given off" haimtishi tena, gesi imeachana na kilichoitoa. "Up" nayo mara nyingi ni kumaliza: "eat up" sahani ibaki nyeupe, "use up" mpaka chupa ikauke.

Hata lile kosa la "turn off it" dawa yake iko nyumbani. Muulize, taa utaifanyaje? Nitaizima. Ile "i" ya taa imekaa wapi? Katikati. Basi na "it" nayo ikae katikati: "turn it off". (Halafu "look after it" inakataa kupasuliwa. Hapo sina la kumwambia isipokuwa avumilie.)

Skulini tulipenda "postpone", "tolerate" na "extinguish", maneno yenye asili ya Kilatini, ya suti na tai. Hayana ubaya, na sisi pia tunazo stahimili na ahirisha zetu za Kiarabu. Ila papasi wa Nungwi, kijana wa kutembeza watalii, ambaye skuli aliiacha njiani, anamwambia mtalii "hang on, I'll pick you up at eight" na mtalii anacheka naye. Sisi wenye vyeti tunasema "I shall collect you", kama tunamfuata mtu kwa deni. Papasi hakuwahi kupewa orodha. Kalisikia neno likifanya kazi, na gari kaliona likija.

Sisemi yote yanaelezeka. "Put up with" ilinishinda mbele ya mtoto, nikamwambia hii ihifadhi kama ilivyo. Lakini "pack up" nilimwambia ni kufunga virago, na kisa cha mgeni wangu nikampa. Kiyoyozi kimefunga virago. Alicheka mpaka akakohoa, na najua hiyo hataisahau.

Juzi kaniletea ujumbe: "Ami, I look forward to see you on Eid." Tazamia imemkaa. Hiyo "see" inayotakiwa kuwa "seeing" nitamwambia hukohuko Sikukuu, akishamaliza kula.