Mkono uliovimba baada ya saratani ya titi: neva nayo ipimwe

Mwanamke aliyeondolewa tezi za kwapani akirudi kliniki mkono umevimba, kinachotoka kwanza ni futi ya kamba. Mkono ukiuzidi mwenzake kwa sentimita 2, anafungwa bandeji za kubana na kufundishwa mazoezi. Akilalamika ganzi vidoleni, mara nyingi huambiwa uvimbe ukishuka nayo itaisha; neva (mshipa wa fahamu) yenyewe haipimwi.

Wanaoutetea utaratibu huu hawabahatishi. Futi ni rahisi, hata zahanati ya kisiwani Ukerewe inaimudu. Mashine nyingi za ultrasaundi hazina programu ya kupima ugumu wa neva, ambao ni dalili ya kubanwa kwake, na hakuna kiwango kilichokubalika cha kilopaskali (kizio cha ugumu) ngapi ni ugonjwa.

Lakini ganzi si karaha tu. Mama anayeparua sangara soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, vidole havihisi, atachomwa na mwiba wa pezi asijue. Limfu, yaani majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi, ikiwa haitembei vizuri, kijeraha hicho ni mlango wa bakteria: ngozi inakuwa nyekundu na ya moto, homa inapanda, na kila shambulio linaweza kuharibu zaidi njia za limfu. Uvimbe unaongezeka, mafuta na makovu yanajijenga palipokuwa na maji, na neva inazidi kubanwa. Futi itaonyesha mkono umenenepa, haitaonyesha neva.

Ultrasaundi ya ugumu hutuma msukumo na kupima kasi ya wimbi: tishu ikikakamaa, wimbi hukimbia zaidi. Linaloharibu vipimo ni mkao. Kiwiko kikunjwe kidogo, kifundo cha mkono kinyooke, vidole vilegee. Kifundo kikipindwa kuelekea nyuma, neva inavutika na namba inapanda hata kwa mtu mzima wa afya. Jeli iwe nyingi, kichwa cha mashine kiguse ngozi bila kukandamiza, neva ifuatwe kwa urefu wake. Pima mara 3, chukua wastani, kisha hamia mkono wa pili kwa mkao uleule ili ulinganishe. Uvimbe ukiwa mnene sana wimbi halifiki chini, na namba ya hapo isiandikwe.

Ganzi ikiwa mikono yote miwili na nyayoni, dawa za saratani kama paklitakseli zishukiwe kabla ya uvimbe.

Pasipo programu hiyo, ultrasaundi ya kawaida bado hupima eneo la mkato wa neva ya kati, inayopita kifundoni kwenda vidoleni. Likizidi milimita za mraba 10 hivi, kubanwa kushukiwe. Na kipande cha pamba kikipitishwa kwenye ncha za vidole kupima hisia, mgonjwa amefumba macho, siku ileile ya futi, hakihitaji mashine yoyote.