Mkwe Mbele, Nazi Nyuma

Mimi kwetu Kisarawe. Nikitaka kwenda kwetu nachukua daladala Gongo la Mboto, nanunua karanga za mia tano, na kabla sijazifikia zile zilizoungua za chini, konda ameshagonga bodi: Kisarawe mwisho, shukeni. Hiyo ndiyo safari aliyoumbiwa mwanadamu.

Lakini nilioa Marangu. Na aliyeoa Marangu, Desemba ikiingia, haulizwi kama anakwenda. Anaulizwa kama gari limeshamwagwa oili. Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 550, lami tupu, nchi nzuri, sikatai. Ninachokataa ni watu kuiita likizo. Likizo ya nani?

Nilijaribu kujiokoa mapema. Nikasema, jamani, twendeni na treni. Ile ya Dar–Moshi ilirudi mwishoni mwa 2019 baada ya kulala zaidi ya miaka 20, nami nikaona imerudi kwa ajili yangu: unakaa, unanyoosha miguu, choo kiko humo humo, na anayeendesha ni mtoto wa watu ambaye hamjui hata mkwe wako. Mama Neema akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na mizigo, baba Neema?"

Mizigo yenyewe ilikuwa magunia ya mchele, madumu ya mafuta, godoro, televisheni ya babu, na nazi. Nazi ni za mama mkwe. Alikuja Dar kuwaona wajukuu, akala wali wa nazi kwa mama yangu, na sasa ameapa Krismasi hii Marangu nzima itakula wali wa Kizaramo. Utani wa makabila una gharama zake.

Basi Noah ikapakiwa. Wiki nzima nyumba ilikuwa katika maandalizi ya starehe. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa anatuma ushauri kwa simu asubuhi na jioni: watoto wawe na mito ya shingo, simu zichajiwe, katuni zipakuliwe kabisa maana njiani mtandao unakatika, kila mtu avae nguo pana. Yeye mwenyewe hakuwemo kwenye msafara. Mgongo unamsumbua, kwa hiyo angepanda ndege. Mimi mgongo wangu sijui ulitengenezwa kwa nini, haujawahi kuulizwa.

Mito ilinunuliwa kwa machinga pale kwenye mataa. Wa Neema, wa Juma, wa mama mkwe, wa mama Neema, na wa kitinda mimba ambaye hata shingo ya kuwekea mto hana. Nikauliza wangu. Mama Neema akashangaa kweli kweli: "Dereva akiwekewa mto si atalala?"

Kumbukeni hilo neno, maana ndiyo katiba iliyotawala gari mpaka tunafika.

Hotpoti ilifunguliwa Kibaha. Kibaha! Hata jasho la kupakia mizigo lilikuwa halijakauka. Kuku wa kukaanga, chapati, mayai ya kuchemsha, kachumbari ya kwenye kopo. Gari likanukia mpaka trafiki aliyetusimamisha kukagua leseni akatutakia safari njema mara mbili. Nikanyoosha mkono nyuma, nikawekewa kipapatio. Nikanyoosha tena. "Baba Neema, dereva akishiba anasinzia." Kwa hiyo nimetoka Kibaha hadi Marangu na kipapatio kimoja, na paja la kuku niliyemnunua mwenyewe nikalisikia likitafunwa nyuma ya kisogo changu.

Hebu tuje kwa mama mkwe. Sisi watu wa Pwani mkwe tunamheshimu kwa kumkwepa. Ukimwona anakuja upande huu, unashika njia ya upande ule. Mkigongana uso kwa uso, macho chini, shikamoo mama, unapita. Sasa mtu huyo huyo niliyefundishwa kutomtazama akaketishwa kiti cha mbele kushoto, kwa sababu akikaa nyuma miguu inavimba. Sawa. Ila kioo cha pembeni cha kushoto kiko ng'ambo ya uso wake. Kila nikilipita lori na kutaka kurudi upande wangu, lazima nikitazame kile kioo, na katikati yupo mama mkwe. Nikitazama, naye anageuka. Macho kwa macho. Nifanyeje?

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba."

Na malori ya barabara ile mnayajua. Tulipofika Chalinze nilikuwa nimeshampa shikamoo za kumtosha mpaka Pasaka.

Kutoka Chalinze unakunja kulia, Lugoba, Msata, na hapo vijiji vinashikana mikono na vibao vya 50 navyo vinashikana mikono. Juma yuko darasa la pili, amejua kusoma namba mwaka huu, na furaha ya elimu yake yote ilinishukia mimi. "Baba, hamsini! Baba, umefika hamsini na tatu! Baba, mwalimu alisema faini elfu thelathini!" Bibi yake akampa andazi kila aliponitaja. Askari mwenye tochi unaweza kumwona kwa mbali ukajirekebisha. Huyu wa kwangu alikuwa amekaa nyuma yangu na anakula maandazi yangu.

Halafu Wami. Watu wote wanalisifu daraja jipya, lile lililoanza kutumika 2022, na mimi nalisifu. Lakini acheni nimlilie marehemu. Lile la zamani lilikuwa jembamba, gari moja linapita, jingine linangoja. Kule kungoja ndiko kulikokuwa starehe pekee ya dereva wa Kaskazini! Unazima gari, unashuka, unanyoosha kiuno, unauliza bei ya kitu usichotaka kununua. Sasa magari yanapishana na hakuna wa kungoja. Nilivuka Wami nikiwa nimekaa vile vile nilivyokaa tangu Mbezi.

Katikati ya Wami na Mkata, Juma akanyamaza. Mzazi yeyote anajua, mtoto akinyamaza ghafla garini hajapata adabu. Zamani kazi hiyo ilifanywa na mfuko wa plastiki, ambao ulipigwa marufuku Juni 2019, na kwa mitaro ya Dar ilikuwa heri. Lakini tatizo la mtoto lilibaki pale pale. Mama Neema akachomoa mfuko mbadala. Ule mfuko una vitundu vidogo vidogo, mnaujua. Unabeba vitunguu vizuri sana. Uji wa ulezi haubebi. Unauchuja.

Tulipomaliza kufuta, Neema, ambaye yuko kidato cha pili na ana maelezo ya kila kitu, akatufafanulia: sikio la ndani linauambia ubongo tunakwenda, macho yaliyoganda kwenye katuni yanauambia tumetulia, ubongo unachanganyikiwa, ndipo tumbo linapoadhibiwa. Dawa yake, aache simu, atazame mbali, mbele ya gari. Bibi akakubali, akaongeza kipande cha ndimu cha kunusa. Nami nikakubali, mpaka nilipoelewa maana yake. Ili atazame mbele, Juma alisogezwa katikati ya viti viwili, kidevu chake kikawekwa begani kwangu. Nikaendesha hivyo mpaka Segera, mtoto mwenye kichefuchefu akinipumulia sikioni harufu ya ndimu, na kila akimeza mate mimi nafumba jicho moja.

Segera tulinunua machungwa, yale yaliyomenywa ganda la juu tayari, na chumvi yenye pilipili kwenye gazeti. Sitaki kusema mengi. Chungwa, watoto, na kiti cha kitambaa.

Machungwa yakazaa mambo ya kuchimba dawa. Hivi ni kwa nini familia moja, iliyokula vitu vile vile saa ile ile, haiwezi kubanwa pamoja? Juma kabanwa kabla ya Korogwe. Tukasimama, nikauliza, kuna mwingine? Hakuna. Tumeingia barabarani, gia haijashika, Neema naye. Mama mkwe vichaka hataki, anataka choo cha maana, chenye mlango na komeo na maji, kwa hiyo kila kituo cha mafuta tuliingia kukagua na kutoka. Mama Neema alibanwa palipo na mashamba ya mkonge, na mkonge una miiba, hausitiri mtu. Na mimi? Mimi nilibanwa tangu Wami. Kila tukisimama nilikuwa nashika mlango, nashika mtoto, nashika begi, nashika kandambili za bibi. Wakishapanda wote: "Twende, baba Neema, tunachelewa."

Ukitoka Korogwe milima ya Usambara inakaa mkono wa kulia, upande wa dereva. Kila mwaka nasikia ni mizuri. Nikigeuza shingo kidogo, mama mkwe anakohoa.

Muziki, sitaki ugomvi na mtu. Mimi napenda zilipendwa, Neema anataka bongo fleva, Juma anataka singeli, na flashi iliyokuwa kwenye redio ilikuwa ya bibi. Kwaya. Kwaya nzuri, sauti nne, kinanda. Ila karibu zote zilihusu safari ya kwenda mbinguni, na siku yangu ndiyo hiyo ya kukaa nyuma ya lori la saruji kwenye kona ya Mombo huku watu thelathini wakiniimbia kwamba nchi ile haiko mbali. Nikaomba tupumzishe redio.

Ndipo nazi zilipoanza. Sijui nani alilegeza kiroba. Nilikanyaga breki kumkwepa mbuzi pale Mazinde, nikasikia mambo yanakuja kutoka nyuma, ngurugudu, ngurugudu, chini ya viti, moja ikatua kisiginoni kwangu. Nazi ya Kisarawe. Yaani hata nazi ya kwetu ilitaka kushuka.

Kuanzia Hedaru joto likashika. Upande ule wa Same Desemba haina mzaha. Gari lina kiyoyozi, nilikilipia gesi mwenyewe wiki hiyo. Lakini mama mkwe kiyoyozi kinamwingia kifuani. Basi fungueni vioo. Vumbi linamwingia machoni. Kwa hiyo vioo vikapandishwa, kiyoyozi kikazimwa, yeye akajifunika kitenge, nyuma wakajipepea na vifuniko vya hotpoti, na mimi nikachemka. Nikamwonyesha mama Neema shati lilivyoloa. Akasema angalau silali.

Simu zikaisha chaji. Hapo bibi ndipo aliponyanyuka.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

Watoto wa siku hizi. Juma akasema kontena. Neema akasema ni benki ya mtandaoni. Wakashindwa. "Basi nipeni mji," bibi akasema, na Juma, ambaye alikuwa anasoma kila kibao, akampa Makanya. Bibi akakataa, Makanya jua kali. Akapewa Same, akasema Same ana deni na mtu. Akapewa Mwanga, akauliza Mwanga yote au bila Nyumba ya Mungu, akaambiwa yote, bwawa na samaki wake. Akaridhika. "Nilikwenda Mwanga, wakanichagulia perege mkubwa, wakanikalisha kwenye kiti chenye mto, nikala nikalala. Jibu ni yai."

Wakaendelea hivyo zaidi ya saa nzima, na naapa yule mama alitwaa miji yote ya Kaskazini. Moshi akapewa, Arusha akapewa, Tanga akaikataa kwa sababu ya unyevu. Kisha wakanigeukia mimi. Kitendawili cha kwanza nikapata. Cha pili, jasho limeniingia machoni, roli liko mbele, kitinda mimba analia, nikashindwa.

"Nipe mji, baba."

"Nimekupa Kisarawe, mama."

Gari zima kimya. Bibi akanitazama kwa huruma, kupitia upande ule ule wa kioo.

"Baba, nimekuomba mji."

Nikampa Dar es Salaam, na bandari yake.

Mlima wenyewe tulikuwa tumewekeana dau: atakayeuona wa kwanza elfu tano. Juma aliuona Mombo, tukamwambia ni Usambara. Akauona Hedaru, tukamwambia ni Upare. Akauona Same, tukamwambia bado ni Upare. Tulipopita Kifaru, pale ambapo Kilimanjaro na mita zake 5,895 ingepaswa kutuzibia mbingu, kulikuwa na wingu. Bibi akasema mlima haujifunui akija mgeni. Wote wakanitazama mimi. Sasa mpaka hali ya hewa.

Himo tukaiacha barabara ya Moshi, tukaanza kupanda, migomba kulia na kushoto, baridi kidogo, na wote nyuma wakaamka wamenawiri. Wamelala, wamekula, wamecheza. Tulipoingia uani ndugu wakawakimbilia. Pole na safari mama, poleni watoto, pole dada umekonda. Mbege ikaletwa. Mimi nilikuwa bado ndani ya gari kwa sababu mguu wa kulia ulikuwa umekataa kunifuata.

Mama mkwe akawasimulia: safari ilikuwa fupi mno, hata hawajachoka, na mkwe wake ni mtu mpole ajabu, anaamkia mno.

Ndipo simu ikalia. Shemeji. Ametua KIA, ambako ni mpaka uipite Moshi yote, na kwa kuwa mimi gari langu bado lina moto, anaomba nimfuate. Nisikawie, tafadhali. Amechoka sana. Ndani ya ndege alikaa saa nzima, na kiti kilikuwa kimebana.