Deni la umma lisipigiwe kura mwezi Februari

Msimamo wangu nauweka mezani mapema: napinga chaguzi maalumu zinazoitishwa Februari na Aprili hapa jimbo la Washington ili wananchi waidhinishe mikopo ya shule, zimamoto na miradi mingine ya umma. Shule zijengwe. Na mwananchi aulizwe kabla ya kukopewa, hilo nalipenda kuliko mengi niliyoyakuta Marekani. Ninachokataa ni kuulizwa wakati ambao muulizaji anajua wengi hawatajibu.

Kwa mlioko nyumbani, utaratibu uko hivi. Wilaya ya shule huku ni mamlaka inayojitegemea, yenye bodi ya kuchaguliwa. Ikitaka kujenga, inauza hati fungani, wawekezaji wanatoa fedha, kisha deni linalipwa kwa kodi ya majengo, mara nyingi kwa miaka 20 hivi. Kodi inahesabiwa kwa kila dola 1,000 za thamani ya nyumba. Nyumba ya dola 600,000, kiwango kikiwa dola moja, ni dola 600 kwa mwaka. Kwa miaka 20 ni 12,000. Kabla ya hapo wapiga kura lazima wakubali, na Katiba ya jimbo imeweka masharti mawili: kura za ndiyo zifike asilimia 60, na waliopiga kura wasipungue asilimia 40 ya waliojitokeza kwenye uchaguzi mkuu wa Novemba uliotangulia. Karatasi ya kura inaletwa nyumbani kwa posta, unajaza, unairudisha bila kulipia stempu.

Mtanzania akisoma haya atasema wenzetu wamebarikiwa. Ni kweli. Kwetu Waziri wa Fedha anakopa kwa mamlaka ya sheria ya mwaka 1974. Bunge linapitisha bajeti, lakini mwananchi haulizwi juu ya mkopo wowote; anasikia jumla yake ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) inapotua bungeni. Juni 2024 deni la Serikali lilikuwa limefika takriban shilingi trilioni 97. Mwishoni mwa 2021 Spika Job Ndugai alihoji hadharani kasi ya kukopa, akaonya kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Tarehe 6 Januari 2022 alijiuzulu uspika. Watu bado wanabishana kama alikuwa sahihi. Mimi kinachoniuma ni kwamba mjadala wa deni, ambao ndio kwanza ulikuwa umefika vijiweni, ulizimika pamoja na uspika wake.

Na si mikopo ya nje tu. Mwaka 2024 Mamlaka ya Maji Tanga ilitoa hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53, na wananchi wa kawaida wakakaribishwa kununua. Nililifurahia sana jambo hilo, maana maji ya Tanga kugharamiwa na Watanzania wenyewe ni hatua kubwa. Hata hivyo, aliyealikwa alikuwa mwenye akiba ya kukopesha. Mteja wa maji, ambaye bili yake ndiyo italipa deni, hakuulizwa.

Kwa hiyo nilipopata uraia huku na kuona swali la deni limeandikwa kwenye karatasi yangu ya kura, nililiheshimu. Heshima hiyo ndiyo imenifanya nipige hesabu.

Novemba 2023, mwaka usio na uchaguzi wa rais, waliojitokeza jimbo zima walikuwa takriban 36 katika kila wapiga kura 100 walioandikishwa. Asilimia 40 ya 36 haifiki hata 15. Kwa kura ya mkopo ya Februari 2024, watu 15 kati ya 100 walitosha, na wakisema ndiyo tisa, mkopo umepita. Tisa wanawafunga mia kwa miaka 20! Baada ya uchaguzi wa rais wa 2024, ambao watu wapatao 79 katika 100 walipiga kura, kizingiti kilipanda: kwa kura ya Februari 2025 walihitajika 32, na ndiyo zisipungue 20. Maana yake mamlaka inayotaka kukopa inaweza kuangalia kalenda na kuchagua mwaka wenye kizingiti chepesi.

Kuna jambo jingine katika hesabu hiyo ambalo hata wenyeji wengi hawalijui. Ndiyo zikiwa tisa na hapana tano, jumla ni 14, na mkopo umeanguka kwa kukosa idadi. Akitokea mtu wa sita kusema hapana, idadi inatimia, tisa kwa 15 ni asilimia 60 kamili, na mkopo unapita. Kura ya hapana imeupitisha mkopo. Sharti lililowekwa kumlinda mwananchi linamwadhibu aliyejitokeza kukataa.

Sasa fikiria ni akina nani hawajibu Februari. Jamii yetu ya Waafrika kusini mwa Seattle wengi wanafanya kazi zamu za usiku kwenye nyumba za wazee, kwenye maghala, au wanaendesha teksi za programu kuelekea uwanja wa ndege. Novemba kila mtu anazungumzia uchaguzi: kanisani, msikitini, kwenye vikundi vya simu. Februari bahasha inafika katikati ya matangazo ya biashara, hakuna mgombea, hakuna mdahalo. Wazazi wenye watoto shuleni wanakumbushana, na wana haki hiyo. Lakini mpangaji anaona suala la kodi ya majengo halimhusu, kumbe mwenye nyumba ataiingiza kwenye kodi ya pango. Watanzania tunalielewa hili kuliko wengi: tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji.

Si Washington peke yake. Kule Houston, kaunti ya Harris iliitisha kura ya mkopo wa dola bilioni 2.5 za kuzuia mafuriko tarehe 25 Agosti 2018, mwaka mmoja kamili baada ya kimbunga Harvey. Ulipita kwa takriban asilimia 85. Haja ilikuwa ya kweli, watu walikuwa wamezama. Lakini hakujitokeza hata mmoja kati ya kila kumi walioandikishwa, na ilikuwa imebaki miezi miwili na ushee kufika Novemba, ambapo wangejitokeza wengi zaidi na mkopo, naamini, ungepita vilevile.

Watetezi wa tarehe hizi wana hoja. Wanasema Novemba karatasi imejaa majina na swali la shule linamezwa. Wanasema ukiangushwa Februari unaweza kurudi Aprili, na gharama za ujenzi hazisubiri. Hoja ya gharama naikubali. Ile ya kurudi Aprili inanikera, kwa sababu aliyekataa Februari analazimika kukataa tena baada ya wiki chache, wakati aliyeomba anahitaji kushinda mara moja tu.

Na najua asilimia 60 ni mlima. Wilaya zinapata asilimia 57, wengi wazi kabisa, na watoto wanabaki kwenye madarasa ya muda. Kila mara katika bunge la jimbo, mjini Olympia, huibuka pendekezo la kushusha kiwango hicho. Mimi ningeliunga mkono, kwa sharti ambalo California tayari inalo. Novemba 2000 waliteremsha kiwango cha mikopo ya shule kutoka theluthi mbili hadi asilimia 55, lakini mkopo wa aina hiyo haupigiwi kura siku yoyote tu: lazima uambatane na uchaguzi wa kawaida, au uchaguzi unaohusu jimbo zima. Washington ifanye hivyo: asilimia 55, Novemba, na lile sharti la idadi lifutwe, kwa sababu Novemba watu wapo. Mbunge wa eneo langu nimeshamwandikia hivyo, na wenzangu wenye kura huku nawaomba mwandikieni wa kwenu kabla kikao cha Januari hakijafunguliwa.