Daktari wa meno, niulize kama nakoroma

Baba mdogo alizibwa jino lile lile mara tatu ndani ya miaka minne. Kila safari aliambiwa anasaga meno usiku, akazibwa, akarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza analalaje. Jibu alikuwa nalo mama mdogo, aliyekaa nje kwenye benchi: anakoroma, ghafla kimya, pumzi zimekatika, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka majini.

Huo ni ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Misuli ya koo hulegea usingizini na njia ya hewa ikajiziba. Pumzi zikikatika au kupungua sana, kwa sekunde 10 au zaidi kila mara, na hali hiyo ikajirudia mara 30 au zaidi kwa saa, ugonjwa umeshakuwa mkali. Huandamana na presha, maradhi ya moyo na kusinzia kwenye usukani.

Nani hutuchungulia kooni kuliko daktari wa meno? Anaona ulimi mpana wenye alama za meno pembeni, kaakaa jembamba, taya la chini lililorudi nyuma, meno yaliyolika. Dalili moja haitoshi (wapo wanaosaga meno na pumzi zao ni nzima), lakini inatosha kuuliza. Na maswali yapo: dodoso la STOP-Bang, lililotoka Toronto mwaka 2008, lina maswali manane tu. Mojawapo ni kama shingo inazidi sentimita 40, kitu unachokipima kwa futi ya fundi cherehani.

Najua watakaosema hiyo si kazi yake. Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitamka mwaka 2017 kwamba ni kazi yake kuchunguza dalili na kumpeleka mgonjwa kwa daktari, ambaye ndiye wa kuthibitisha ugonjwa. Mpaka huo nauunga mkono kwa dhati. Kifaa cha mdomoni kinachovuta taya mbele huwasaidia wengi, hasa ambao ugonjwa wao haujawa mkali, lakini kumuuzia mtu kabla hajapimwa usingizi ni kumhatarisha: kukoroma kunaweza kupungua huku pumzi zikiendelea kukatika.

Baba mdogo alikuja kupimwa usingizi presha ilipokwisha kupanda, akitumwa na daktari wa moyo. Maswali yale manane yangeulizwa siku ya jino la kwanza, wakati ganzi ikisubiriwa ishike.